Fomu ya Kanada inauliza: sote wawili tulikuwepo ndoa ikifungwa? Mke wangu alikuwa chumbani kwao Wete

#1 Mtambile87
Assalaam alaykum wakuu. Mimi nipo Kanada, uraia nimepata mwaka juzi. Nilirudi Pemba nikaoa, ndoa yetu ya kawaida, Ijumaa baada ya Alasiri. Sasa najaza makaratasi ya kumvuta mke aje kukaa nami huku, nimefika kwenye ile fomu ya mahusiano, IMM 5532, nimekwama. Kuna suali linataka Ndiyo au Hapana: je, mume na mke wote wawili mlikuwepo wenyewe, kwa miili yenu, wakati ndoa inafungwa?

Siku ya nne leo nalitazama suali hilo. Mimi nilikuwa msikitini, nimekaa mkekani, mkono umeshikwa na baba mkwe. Mke alikuwa kwao, hatua kama mia mbili, chumbani na somo yake na mashangazi, hina haijakauka. Shehe alikwenda kwake kwanza na mashahidi wawili kutaka idhini. Wanasema walimuuliza mara tatu ndipo akaitikia kwa kunong'ona, akatia saini kitabuni. Wakarudi msikitini, nikaozeshwa.

Sasa nnajibuje? Alikuwepo au hakuwepo?

#2 Kizingo
Jibu Ndiyo, peleka, lala. Nani atakwenda Wete kupima hatua?

#3 Ummu Wawili
Mtambile usimsikilize huyo wa juu, atakutia shimoni. Ukigundulika umesema uongo kwenye maombi ya uhamiaji Kanada, adhabu yake ni miaka 5 bila ruhusa ya kuomba tena, na anayefungiwa ni mkeo maana yeye ndiye muombaji. Zamani ilikuwa miaka 2, wakaongeza 2014.

Na suali hilo hawakuliweka kwa kupenda tu. Tangu Juni 2015 Kanada haitambui, kwa mambo ya uhamiaji, ndoa ambayo mmoja wenu au wote wawili hamkuwepo: ndoa ya simu, ya faksi, ya intaneti, ya wakala. Waliosamehewa ni wanajeshi wao tu wanaoshindwa kufika kwa sababu ya kazi. Ndoa inaweza kuwa halali mbele ya Mungu na mbele ya kadhi, lakini kwa kumvuta mtu wao wanasema huyu si mke.

#4 Kizingo
Jamani nilikuwa natania.

#5 Baridi ya Edmonton
Mimi nimepita njia hiyo hiyo. Nimeoa Chake, mke kwao Machomane, mimi msikitini. Nilijibu Ndiyo na sikumdanganya mtu.

Suali linahusu sherehe ya kufunga ndoa. Sasa kwetu sherehe hiyo iko wapi? Mzungu anaona pale unaposema nimekubali ndipo penyewe. Lakini kwetu inaanzia kwa bibi harusi anapoulizwa, inakwenda msikitini, inarudi kwa bibi harusi unapopelekwa kupewa mkono. Kitabu kimoja, shehe mmoja, siku moja, mtaa mmoja. Nikaandika barua ya kurasa mbili, nimeeleza hatua moja moja na saa zake. Nikatia na barua ya shehe aliyefungisha, imetafsiriwa. Mke alipata ukaazi baada ya miezi 13, hata kwenye mahojiano hakuitwa.

#6 Jicho la Ndege
Edmonton, kaka, wewe umevuka barabara bila kutazama na gari halikuja. Haina maana kwamba barabara haina magari. Afisa mwengine angesoma barua yako ile ile akasema: ahsante, umenieleza mwenyewe kwamba bibi harusi hakuwepo.

#7 Shombo la Papa
Mimi ndiye niliyegongwa na gari.

2020, wakati wa korona, ndege zimefungwa, posa imeshapelekwa na watu wameshakula. Wazee wakaona aibu kungoja. Nikaozeshwa kwa simu. Mimi Ottawa, saa 10 alfajiri, nimevaa kanzu juu na suruali ya kulalia chini. Kule Unguja simu imewekwa juu ya msala mbele ya shehe, spika imefunguliwa. Nilisema nimekubali mara mbili kwa sababu ya kwanza mtandao ulikata katikati, wao walisikia "nime" tu.

Nikapeleka maombi, nikalipa ada yote, zaidi ya dola 1,000 za kwao. Jibu likaja: ndoa haitambuliki. Nikasema nakata rufaa, si una siku 30 za kukata rufaa. Wakili akanambia unaweza kukata, lakini baraza la rufaa litaangalia kitu kimoja tu, mlikuwepo au hamkuwepo. Ukishatengwa na sheria ile, habari za huruma na ubinadamu hawazisikilizi. Ikabidi nirudi nyumbani, tufunge ndoa upya macho kwa macho, nianze foleni mkiani na ada mpya. Jumla miaka 3 na kidogo.

#8 Bi Karafuu
Pole shemegi. Mara ya pili mahari ulitoa tena au ulihesabiwa ile ile?

#9 Shombo la Papa
Nilitoa tena. Baba mkwe alisema ndoa mpya mahari mpya. Nadhani aliipenda sana sheria hii ya Kanada.

#10 Ustadh wa Pembeni
Ndugu zangu mnachanganya mambo mawili, walii na wakala. Wakala ni mtu unayemtuma badala yako. Walii, yaani baba wa bibi harusi au mzee wake wa kiume, hakutumwa na mtu. Kwa sisi Mashafi, wa madhehebu ya Imamu Shafi, nguzo za ndoa ni 5: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na matamko. Walii ni nguzo mwenyewe, anasimama kwa haki yake. Mke hata angekuwa amekaa pale pale mkekani, bado walii ndiye anayeozesha. Kwa hiyo ndoa ya Mtambile si ya wakala. Ya Shombo nayo si ya wakala, ni ya simu, na hiyo maulamaa wana maneno yao.

#11 Jicho la Ndege
Ustadh darasa zuri, lakini sheria yao haikuuliza nani wakala. Inauliza mwili ulikuwa wapi. Afisa aliyeko Nairobi au Ottawa hahesabu nguzo, anahesabu vichwa. Kimoja msikitini, kimoja chumbani. Hapo ndipo penye suali.

#12 Ustadh wa Pembeni
Basi kwa hesabu hiyo wazee wetu wote hawajaoana.

#13 Kizingo
Na sisi sote ni watoto wa nani sasa 😂

#14 Kijana wa Mkunazini
Mimi swali langu jengine. Nimesikia ili umvute mke Kanada lazima mshahara wako ufike 29,000. Kweli? Na akifika anapewa ukaazi wa majaribio miaka 2, mkiachana anarudishwa?

#15 Ummu Wawili
Yote mawili siyo. 29,000 ni Uingereza, tena pauni. Kanada kwa mke au mume peke yake hawakupangii kiwango cha mshahara, ila usiwe unaishi kwa pesa za ustawi wa jamii (za ulemavu hazihesabiki). Ukaazi wa majaribio wa miaka 2 ulikuwepo kweli, uliletwa 2012 ukaondolewa Aprili 2017. Sasa akipata amepata.

Kinachobaki ni ahadi unayotia saini wewe unayemvuta: miaka 3 tangu apate ukaazi, akichukua pesa za serikali utazilipa wewe. Hata mkiachana.

#16 Kizingo
Kwa hiyo talaka tatu inamaliza ndoa lakini haimalizi ahadi. Eda ya miaka mitatu, na anayekaa eda ni mwanamme.

#17 Milton
Nyinyi wa Kanada mna raha hamjijui. Huku Uingereza mke hapewi ukaazi wa kudumu kwanza. Anapewa viza ya miezi 33, kisha anaongeza miezi 30, akitimiza miaka 5 ndiyo anaomba wa kudumu. Kila hatua ada, kila hatua ushahidi upya kwamba bado mnapendana. Juu yake ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka tangu Februari 2024, na unalipa yote mkupuo kabla hajapanda ndege.

Mshahara ulikuwa 18,600 tangu 2012. Mimi nilikuwa napata 21,000 na kidogo, nikasema nijenge kwanza kaukuta kangu Fuoni halafu nimlete mke. Tarehe 11 Aprili 2024 wakapandisha 29,000. Ukuta umesimama, mke yuko ndani ya ukuta, mimi niko Milton Keynes nafanya zamu za usiku kutafuta tofauti. Ukikosa mshahara kabisa wanataka akiba ya pauni 88,500 imekaa benki miezi 6. Mwenye 88,500 angekuwa Milton Keynes kufanya nini?

#18 Bi Karafuu
Milton umenitia simanzi na kicheko pamoja. Na Kingereza je?

#19 Milton
Mtihani wa ngazi ya A1 kabla hajaingia, A2 akiongeza, B1 mwisho pamoja na mtihani wa maisha ya Uingereza. Pia kipimo cha kifua kikuu. A1 alipita, alikwenda Dar kuufanya. Aliniambia waliongea habari za chakula anachopenda, akawaeleza urojo dakika zake zote zikaisha.

#20 Copenhagen ya Zamani
Denmark tangu 2002 lazima wote wawili muwe mmefika miaka 24. Siyo mmoja, wote. Mdogo wangu alioa binti wa miaka 20, wakangojana. Sasa wana ndoa ya miaka 4 na hawajawahi kukaa pamoja zaidi ya wiki sita.

#21 Mzee wa Forodhani
Nyie watoto mnadhani haya mapya. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa walitawanyika, na tangu 1970 Maskati ilipofunguka walikwenda wengi. Walikuwa wanaozeshwa kwa barua. Barua inakuja na meli au na mtu, inasomwa mbele ya mashahidi, bibi harusi anapakiwa. Hakuna aliyeuliza mwili ulikuwa wapi.

Halafu Oman nako kukawa na lao. Mwenyeji akitaka kuoa mgeni alitakiwa aombe ruhusa serikalini kwanza, sheria ya 1993. Binamu za watu wamekaa miaka wameoa kimya kimya Unguja, hawawezi kuwasajili wake zao kule. 2023 Sultani Haitham akatoa amri nyengine, ruhusa ile ikaondoka. Kwa hiyo kila nchi ina mlango wake na bawabu wake, wengine wanaangalia mfuko, wengine umri, wengine mkeka.

#22 Mtambile87
Nashukuru nyote. Ila bado sijapata jibu 😅 Edmonton anasema Ndiyo na barua. Jicho anasema barua ndiyo itakayonimaliza. Ustadh anasema ndoa sahihi lakini Kanada si Shafi. Kuna mwengine?

#23 Ummu Wawili
Mimi nasema jibu Hapana na ueleze. Ukisema Hapana ukaeleza vizuri, ubaya wake mkubwa ni kukataliwa, unafunga ndoa upya unaomba tena. Ukisema Ndiyo wakaiita uongo, ni miaka 5.

#24 Baridi ya Edmonton
Ummu kwa heshima, ukitia Hapana hakuna atakayesoma maelezo. Fomu inafika kwa mtu ana mafaili mia mezani, anaona Hapana, anagonga muhuri. Ndiyo pamoja na maelezo kamili si uongo, kwa sababu hukuficha kitu. Uongo ni kuficha.

#25 Jicho la Ndege
Hapo Edmonton ana hoja, nakiri. Uongo unaoambatanishwa na ukweli wote kurasa mbili ni vigumu kuuita uongo. Lakini mimi nisingecheza karata yoyote kati ya hizo mbili. Funga tena. Rudi Wete, kaeni chumba kimoja, pazia katikati ukitaka, mke, walii, shehe, mashahidi, kitabu kipya, tarehe mpya. Siku hizi wapo wanaofungia ukumbini bibi harusi akiwa pale pale, si ajabu tena.

#26 Kijana wa Mkunazini
Au waende bomani Dar, mkuu wa wilaya anafungisha, siku 21 za tangazo mambo kwisha.

#27 Jicho la Ndege
Kijana, ile ni Sheria ya Ndoa ya 1971, ya Bara, Zanzibar haifanyi kazi. Wanaweza kuitumia wakiwa Dar, sawa, lakini watajaza nini penye hali ya ndoa? Watasema hawajaoana? Cheti cha Wete kipo. Mtakuwa mmekimbia suali moja mmekwenda kuapa uongo pengine.

#28 Ustadh wa Pembeni
Kuhusu kufunga tena: kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba kurudia matamko hakuvunji ndoa ya kwanza, ni kuitilia nguvu tu. Wapo waliosema ukiifunga upya ni kama umekiri kwamba ya kwanza ilikatika, na talaka moja inahesabika. Sijaifuata kauli hiyo, lakini muulize kadhi wako kabla, siyo mimi nisiyejulikana ndani ya simu.

#29 Bi Karafuu
Naona wanaume mnaongea fomu na fiqhi. Acha niseme upande wa anayevutwa, maana mimi nilivutwa.

Nilisubiri Mkoani miezi 19. Mume alikuja wiki tatu, akaoa, akaondoka. Kilichonikamata hakikuwa lile suali la kuhudhuria, kilikuwa picha. Wao wanataka picha za harusi, mume na mke na wageni. Nyinyi mnajua harusi zetu: wanaume kwao, wanawake kwao, na wanawake simu zinakusanywa mlangoni. Nilikuwa na picha 140. Kwenye 139 mume hayumo. Ile moja ni alipoletwa kupewa mkono, naye amepigwa kwa nyuma, unaona kofia yake na vidole vyangu vina piko. Uso wangu umefunikwa. Afisa akanipigia simu akauliza kwa utulivu kabisa: nitajuaje kwamba mkono huu ni wako?

Nilinyamaza. Kisha nikamwambia nina kovu kwenye kidole cha shahada, nilijikata na kisu cha kuparia samaki nikiwa na miaka 9, litazame. Akasema subiri. Nikasikia anabonyeza bonyeza. Akasema, nimeliona.

Halafu akauliza kwa nini sina jina la mume wangu. Nikamwambia kwetu mwanamke anabaki na jina la baba yake mpaka kaburini. Hilo hakulibishia.

#30 Kizingo
Bi Karafuu nimesimamisha chai.

#31 Milton
Hilo kovu lilikuwa na thamani kuliko barua ya wakili.

#32 Shombo la Papa
Nyengine ya kuangalia: risiti za pesa. Mimi nilikuwa namtumia mke matumizi kupitia kaka yake kwa sababu laini ya mke haikuwa imesajiliwa kwa jina lake. Miaka miwili ya risiti, zote jina la shemegi yangu. Afisa angedhani nimemuoa yeye. Mtumie mkeo kwa jina lake, hata elfu ishirini.

Na sauti za WhatsApp hazichapiki. Sisi tulikuwa hatuandiki, tunatumiana sauti tu. Nilipochapa mazungumzo yakatoka kurasa 60 za alama ya sauti na "sawa" na "haya usiku mwema".

#33 Copenhagen ya Zamani
Majina pia. Cheti cha ndoa Fatuma, pasi Fatma, kitambulisho cha Mzanzibari Fatma lakini jina la babu limerukwa. Kwetu ni mtu mmoja, kwao ni wanawake watatu. Sahihisha kwanza kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kabla hujapeleka chochote.

#34 Jicho la Ndege
Na cheti kikiwa cha Kiswahili kinatakiwa tafsiri, Kingereza au Kifaransa, na jamaa yako haruhusiwi kukutafsiria hata akiwa profesa. Nimeshaona faili limerudishwa kwa sababu mtafsiri na mume wana jina moja la babu.

#35 Ngalawa Moja
Salaam. Nimekuwa nasoma tu lakini hili lazima niliseme. Mtambile, una mtoto yeyote ambaye hukumtaja ulipoingia Kanada? Mimi nilikuwa na binti, mama yake tuliachana, nikaona nikimtaja nitachelewa. Sikumtaja. Miaka 6 baadae nataka kumchukua, wananiambia mtu ambaye hukumtaja wala hakukaguliwa ulipopata ukaazi hawezi kuvutwa nawe kama familia. Siku zote. Nilidhani namficha kwa mwaka mmoja.

#36 Ummu Wawili
Ngalawa, usikate tamaa kabla hujauliza. 2019 waliweka mpango wa muda unaowasamehe baadhi, khasa walioingia kama wakimbizi au waliovutwa na jamaa. Kama uliingia kwa kazi ni mlango mwengine, mgumu zaidi. Mtafute wakili mwenye leseni, siyo mtu wa barazani.

#37 Ngalawa Moja
Niliingia kwa mke. Nitauliza. Ahsante dada.

#38 Kizingo
Suali la kitaalamu kwa niaba ya rafiki: mke wa pili je, anavutwa?

#39 Ummu Wawili
Mwambie rafiki yako Kanada inamtambua wa kwanza tu. Na rafiki yako anamjua mke wa kwanza anasoma uzi huu?

#40 Kizingo
Rafiki yangu ameondoa suali.

#41 Mtambile87
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, samahani kwa ukimya.

Nilimpigia shehe aliyetuozesha kumuomba barua kama ya Edmonton. Kwanza alikasirika. "Mimi nimeozesha tangu hujazaliwa, nani huyo Kanada anauliza kama bibi harusi alikuwepo?" Baadae akapoa, akaandika. Ameandika vizuri kuliko mimi, hata jina la mtoto aliyembebea taa ameliweka maana umeme ulikatika jioni ile. (Mimi nilikuwa nimesahau taa. Nilikuwa nimesahau mambo mengi ya siku ile, nilikuwa naangalia zulia.)

Kisha nikaleta fikra ya Jicho, tufunge upya. Baba mkwe hakuwa na neno. Mama mkwe ndiye aliyekataa. Anasema Wete ndogo. Mwanawe akionekana anaozwa mara ya pili kwa mume yule yule, kabla ya Magharibi mtaa mzima utakuwa unasema aliachwa, na wengine watataja na sababu. "Atakayekwenda kuwaeleza sheria ya Kanada ni nani, nyumba kwa nyumba?"

Nikampigia mke mwenyewe, ambaye kusema kweli sikuwa nimemuuliza tangu mwanzo. Nikamsomea lile suali kwa Kiswahili. Akasema: "Nilikuwepo. Ndoa ilikuwa yangu, ningekuwa wapi?" Nikamwambia wanauliza mwili. Akasema mwili ndio uliokuwa umekaa kwenye kigoda muda wa saa tano umepakwa hina hauwezi hata kujikuna pua.

#42 Bi Karafuu
Huyo mkeo namtaka awe rafiki yangu.

#43 Baridi ya Edmonton
Kwa hiyo umetia Ndiyo!

#44 Ummu Wawili
Usiseme umetia Ndiyo.

#45 Mtambile87
Nimepeleka jana usiku. Kwenye fomu nimeandika yaliyotokea, barua ya shehe ipo, picha zipo, na risiti zote kwa jina lake. Nilichotia kwenye kisanduku sisemi, maana nikisema nusu yenu hamtalala na nusu mtaniandikia inboksi.

#46 Jicho la Ndege
Sasa ndiyo hatulali sote.

#47 Shombo la Papa
Ukipata jibu lolote, zuri au baya, rudi hapa. Wengi wanaleta swali wakishapata viza hawaonekani tena. Na mwambie mke asifute sauti hata moja.

#48 Mzee wa Forodhani
Mleta uzi, ndoa hiyo ilikuwa na pilau au biriani?

#49 Mtambile87
Pilau, mzee. Ya mbuzi.

#50 Mzee wa Forodhani
Basi ungewapelekea na mashahidi waliokula.

#51 Mgeni Njoo
Habari wana jukwaa. Samahani sijasoma uzi wote. Mimi nipo Calgary nataka kumuoa mchumba wangu aliyeko Konde, lakini likizo sina mpaka mwakani. Wazee wanasema tufunge kwa simu halafu nianze makaratasi. Inafaa?

#52 Kizingo
Shombo, njoo, mgeni wako.

#53 Shombo la Papa
Kijana kaa chini. Rudi #7, soma taratibu, halafu nunua tiketi.